Fundi Kofia, Aliyesubiri Mpaka Nukta

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Kofia atavua koti lake jeupe na kustaafu, baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya utumishi katika kitengo chetu cha vifaa vya watu wasioweza kusema wala kujongea. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi, na humo ndimo lilimobaki; hata mkuu wa kitengo humwita Kofia. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtu wa kompyuta, niandike wasifu wake kwa sababu tumekaa chumba kimoja miaka kumi na minane. Wameniambia niandike mambo ya kuchekesha. Nitajitahidi, lakini mkiona nimeteleza mnisamehe.

Alikuja hapa kama kibarua wa umeme, kufunga feni. Siku hizo kitengo kilikuwa na mashine moja tu ya kuchora mawimbi ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa, yenye kalamu kumi na sita zilizokwaruza karatasi kutwa nzima. Akiwa juu ya ngazi aliona kalamu zote zinatetemeka kila feni inapozunguka. Akashuka, akamwambia daktari kwamba anachokisoma kwa makini vile si ubongo wa mgonjwa, ni feni. Daktari alikasirika, kisha akazima feni, kisha akamwajiri. Ndivyo alivyopata kazi: kwa kumsahihisha mkubwa mbele ya watu, njia ambayo siwashauri vijana wa leo kuijaribu.

Baadaye ikaja kazi tuifanyayo sasa. Kwa faida ya wageni watakaosoma karatasi hii, ubongo hutoa umeme kidogo mno, na mtu akivaa kofia ya kitambaa yenye vifungo thelathini na viwili vya chuma, umeme huo husomeka juu ya ngozi ya kichwa. Mgonjwa hutazama ubao wa herufi kwenye skrini, na safu za herufi huwaka na kuzimika kwa zamu. Herufi anayoitaka ikiwaka, ubongo wake hushtuka kidogo. Kompyuta ikishauona mshtuko huo mara kadhaa, huiandika herufi hiyo. Herufi moja huchukua nusu dakika. Neno "habari" ni dakika tatu, ikiwa hakuna aliyepiga chafya.

Kuvisha kofia kunaonekana kazi rahisi mpaka uijaribu. Unazipasua nywele kwa chanuo la mkia, unatia jeli kwa bomba butu, unakisogeza kila kifungo kwa kidole mpaka namba zake kwenye skrini zishuke, dalili kwamba kimeshika ngozi, na muda wote huo unashika kichwa cha mtu asiyeweza kukuambia kwamba unamwumiza. Kofia aliweza kusoma paji la uso. Alijua nani anaumia, nani anachoka, nani amechukia tu.

Wagonjwa wa kike walikuwa wakija wamefumuliwa nywele, wakirudi makwao vichwa vimejaa jeli na nywele zimesimama wima. Jambo hilo lilimkera kuliko hitilafu yoyote ya mashine. Akaleta beseni na birika, akawa anawaosha mwenyewe. Kisha akaenda kwa msusi wa mtaa wa nyuma, akakaa Jumamosi nne pamoja na wasichana wanaojifunza kazi, akajua kusuka. Misuko yake ya kwanza ilikuwa ya aibu. Mama mmoja alipopelekwa mbele ya kioo aliomba kwa macho avishwe kofia tena, akatumia dakika mbili na nusu, bila kosa hata moja, kuandika: fumua. Leo mambo ni mengine, na wapo wanaotuletea mgonjwa saa nzima mapema ili apate msuko wa kuendea harusini. Ukimshangaa anakujibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yeye ameajiriwa kuzitunza zote mbili.

Sherehe ya kuzindua kengele ya macho nayo haisahauliki. Kengele hiyo ilikuwa ya kumwita muuguzi: mgonjwa akifumba macho kwa zaidi ya sekunde mbili, mawimbi ya nyuma ya kichwa hubadilika, nayo inalia. Kofia alivishwa kofia ili aonyeshe wageni. Maonyesho yakaenda vizuri, kisha mkuu wa kitengo wa wakati huo akasimama kutoa neno la shukrani, na hakuna aliyekumbuka kumvua fundi kofia. Hotuba ilikuwa ndefu. Kengele ililia mara saba. Mara ya saba mkuu mwenyewe alicheka, akakunja karatasi yake na kuketi, na mpaka leo hotuba zetu ni fupi.

Sasa niseme jambo ambalo tulilibishania miaka mingi. Nilipoweka programu ya kumalizia maneno, ile ambayo ukiandika herufi mbili inakukisia neno zima, nilijiona nimeleta ukombozi. Kofia aliizima. Niliiwasha, akaizima. Alikubali kuiacha kwa mgonjwa aliyeitaka mwenyewe tu, na aliyeulizwa kwa utaratibu. Tena alikuwa na namna yake ya kukaa: kiti chake alikigeuza kikaipa skrini mgongo, akamtazama mtu usoni, asigeuke kusoma mpaka nukta iandikwe. Sentensi moja ingeweza kuchukua robo saa, naye amekaa tu, mikono magotini. Nilimwambia anapoteza muda wa kitengo. Akaniambia, "Mtu ameshanyang'anywa mwili mzima. Sentensi yake basi mwachie amalize mwenyewe." Nilimwona mkaidi, na nilisema hivyo kwenye vikao vitatu.

Kuhusu maisha yake nje ya chumba kile, naona haya kwamba sina mengi ya kuandika. Mkewe alifariki miaka tisa iliyopita. Tulikwenda mazikoni, tukampa pole, na siku ya tano alikuwa kazini akipanga kofia zake. Mwanawe anaishi mbali na ana shughuli zake. Chakula cha mchana alikula stoo, mlango umerudishwa, na sisi tulisema ndivyo alivyo, anapenda utulivu. Kumbe alikuwa mwongeaji. Nimemsikia mara nyingi akiwavisha wagonjwa huku akiwasimulia paa la nyumba yake linalovuja, jirani anayefuga mbwa mwoga, ndoto aliyoiota. Sisi wenye midomo tulimwuliza habari za asubuhi, akajibu salama, tukapita. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na siye tuliokuwa karibu hatukumganga pia.

Aliyezisikiliza hadithi hizo kwa muda mrefu kuliko wote ni mgonjwa tunayemwita Bi Chapa. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi kwa miaka thelathini na mmoja, mwenye vidole vinavyochapa bila kutazamwa, kazi yake kunakili barua za wakubwa neno kwa neno. Kiharusi kikamwachia macho tu. Nyumbani anaishi na bintiye, na huzungumza kwa kuangalia: juu ni ndiyo, chini ni hapana. Macho lakini hujibu kile tu kilichoulizwa. Kitu anachotaka kukisema yeye, kutoka kwake, hukisema hapa kwetu, Jumanne na Alhamisi. Kwa miaka minane aliyemvisha kofia ni mtu mmoja.

Mwaka huu kustaafu kulipokaribia, tulimpata mrithi, fundi wa kike mwenye mikono mitulivu. Ikaonekana kwamba Kofia akiwepo chumbani, Bi Chapa hamtazami huyu mwingine hata kidogo. Kikao kikaamua Kofia akae kando ili wazoeane. Akakubali. Alisema tu kwamba kumuaga hataweza, atalia, na mtu mzima kulia mbele ya mgonjwa si kazi. Akaomba tumweleze Bi Chapa kwa niaba yake, kisha akahamia stoo, upande wa pili wa ukuta, akawa anashona kofia zilizochanika.

Hakuna aliyemweleza. Mimi nilidhani bintiye amemwambia. Binti alidhani sisi tumemwambia. Fundi mpya alidhani jambo kubwa kama hilo haliwezi kumsubiri mgeni kama yeye. Wote tulimwamkia Bi Chapa kwa furaha na kuanza kazi.

Kanuni zetu zinasema mgonjwa akibadilishiwa fundi lazima kwanza apite jaribio la kunakili, ndipo afunguliwe ubao wa mazungumzo. Anapewa sentensi, anaifuata herufi kwa herufi. Ana nafasi tano, moja kila Jumanne, na asipofikisha asilimia sabini hata mara moja, nafasi yake hupewa mwingine. Kwenye foleni kulikuwa na watu kumi na wanne. Jaribio hilo niliunda mimi. Herufi ikilingana na sentensi, skrini huonyesha alama ya kijani. Isipolingana, huonyesha msalaba mwekundu bila kuonyesha herufi yenyewe. Nilifanya hivyo kwa huruma, ili mgonjwa asivunjike moyo kwa kuona makosa yake.

Sentensi ilikuwa: Mtoto anacheza mpira uwanjani. Jumanne ya kwanza Bi Chapa alipata asilimia kumi na moja. Ya pili, tisa. Ya tatu, saba. Skrini ilijaa misalaba, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba ubongo umechoka. Jumanne ya tano mkuu wa kitengo, kwa masikitiko ya kweli, aliandaa barua ya kumwondoa. Ningeomba mwelewe barua ile ilimaanisha nini: kwamba mwanamke yule, mwenye akili zake zote, asingesema tena neno lake mwenyewe mpaka kufa.

Kofia aliposikia hakugomba. Alitoka stoo na sindano bado imo mkononi, akaniuliza kama kompyuta inatunza herufi zenyewe, zile zilizo nyuma ya misalaba. Nikamwambia zipo, lakini ni makosa matupu. Akasema nimchapie hayo makosa. Nilichapa kwa kuudhika kidogo, maana ilikuwa saa ya chakula. Karatasi ikatoka, mistari mitano, mmoja kwa kila Jumanne. Nainakili hapa kama ilivyokuwa.

Kofia yuko wapi
Anaumwa
Kofia amekufa
Mbona hamsemi
Hata pole hamnipi

Alisoma akiwa amesimama penye mashine ya kuchapa. Kisha akakaa chini, sakafuni, palepale. Wiki tano mwanamke yule alikuwa amebeba msiba peke yake, na aliyeliliwa alikuwa nyuma ya ukuta anashona. Wiki tano alitupigia kelele kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na sisi tulimpa alama. Mtu aliyenakili maneno ya wengine maisha yake yote alikataa kunakili habari za mtoto na mpira wakati ana jambo la kuuliza. Sijui ni nani kati yetu angenakili. Nimeandika programu nyingi maishani, lakini hiyo misalaba myekundu ndiyo inayonijia nikikaa kimya.

Ilikuwa Jumanne, na Bi Chapa alikuwa bado chumbani anaoshwa nywele. Kofia akaingia. Sitaeleza sana. Bi Chapa hana uso wa kulilia, lakini machozi anayo. Akavishwa kofia upya, na kila alipojaribu kuandika, kilio kikayavuruga mawimbi, kwa sababu jicho likilia hutoa umeme mwingi kuliko ubongo. Kompyuta ikatema herufi za ovyo karibu saa nzima. Kofia alikaa vilevile, mgongo kwenye skrini, analia naye waziwazi, kazi au si kazi. Hatimaye mawimbi yakatulia na sentensi ikaja, polepole, mpaka nukta: Mjinga wewe. Aligeuka, akaisoma, akasema, "Kweli, dada yangu. Kweli kabisa."

Barua ilichanwa siku hiyo hiyo. Kuagana kukafanywa kama inavyotakiwa, kwa Jumanne nne mfululizo: Kofia alimwambia tarehe, sababu, na umri wake ambao alikuwa ametuficha wote. Fundi mpya akawa ndiye anayemvisha, Kofia amekaa pembeni, kila wiki hatua moja karibu na mlango. Nasi tuliliondoa jaribio la kunakili. Siku hizi mgonjwa huulizwa swali, na alama hutolewa na mtu aliyesoma jibu. Bi Chapa tulimwuliza ana ushauri gani kwa fundi mpya. Alijibu: Ajifunze kusuka. Tulimpa asilimia tisini na sita, na hizo nne zilizopungua ni zangu, kwa sababu niliitikisa meza nikicheka.

Halafu Kofia aliniomba jambo moja la mwisho kabla hajaondoka, nalo lilikuwa zito. Aliniomba nifungue mafaili ya wote walioshindwa jaribio miaka ya nyuma. Walikuwa tisa. Wengi wao makosa yalikuwa makosa kweli. Lakini mzee mmoja, dereva wa zamani tuliyemwondoa miaka miwili nyuma, kwenye majaribio matatu ya mwanzo alikuwa ameandika kitu kimoja: nasikia baridi. Chumba chetu kina kiyoyozi kwa ajili ya kompyuta. Kofia alimfuata nyumbani kwake mwenyewe, na blanketi mkononi, akamwomba radhi kwa niaba yetu sote. Mzee huyo sasa anakuja kila Jumatano. Hajatusamehe bado, na anatuambia hivyo kwa herufi zote.

Mafanikio yake mengine yameorodheshwa ukutani: watu mia mbili na kumi na tatu aliowavisha kofia, mafundi saba aliowafunza, kofia ya watoto aliyoibuni kwa kitambaa cha soksi. Wiki iliyopita nilikwenda kwake kuchukua picha ya kuweka juu ya wasifu huu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika, baada ya miaka kumi na minane, na ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kazini. Alinionyesha nyumba yote, chumba kwa chumba, na alipomaliza akaanza tena. Nilipoaga alinisindikiza mpaka barabara kubwa, na hata hapo aliendelea kuongea. Nilirudi nimeinama, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo hapa.

Bi Chapa naye aliomba nafasi katika karatasi hii. Aliandika Alhamisi, kwa dakika thelathini na tano, na hakutaka tuguse kitu. Ubao wetu una herufi, tarakimu na nukta, hauna alama ya kuuliza, kwa hiyo mkisoma mjue kwamba mwisho ni swali.

Nenda. Mimi nimepata wa kuongea nao. Wewe una nani.

Nilimpelekea Kofia nakala stoo, akaisoma akaikunja akaitia mfukoni. Nikangoja jibu lake ili nilichapishe chini ya swali. Nilingoja kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sikumharakisha. Akasema niache nafasi tupu.

Nafasi hiyo sikuiacha, Fundi, nimeijaza mimi. Jumamosi nitabisha hodi kwako saa nne asubuhi, na Jumamosi ya pili atakuja fundi mpya, na ya tatu mkuu wa kitengo, ambaye ameahidi kutotoa hotuba. Jumanne na Alhamisi mlango wa huku unaujua, na yupo mtu atakayekuuliza umechelewa wapi. Tunakushukuru kwa vichwa vyote ulivyovishika kwa upole, na kwa makosa yetu uliyoyasoma tulipoona misalaba tu. Kaa salama, Fundi, na tafadhali usikae peke yako.